Uchambuzi wa kisa: Bunduki ya babu, hadithi ya Sultani Barghash na thumni za mirathi

Kabla ya yote

Majina ya watu nimeyatoa, mji wa bara ya Oman walikotoka nimeutoa, na bei zote nimezigeuza ziwe namba za kulinganisha tu. Ofa ya mwanzo waliyopewa sokoni nimeiita 100, nyingine zote pimeni kwa hiyo. Nimefanya hivi kwa sababu familia za Kizanzibari hapa Maskati zinajuana sana, ukitaja bei na mtaa mtu ashajua nyumba. Wenyewe wamekubali kisa kiandikwe maana wanajua nyumba nyingi zina bunduki ukutani na hadithi juu yake, na siku mwenyewe akiondoka watu huanza kuulizana inathamani gani na ni ya nani.

Mimi niliitwa kuandika ripoti ya tathmini. Sikuwa mnunuzi wala sikuwa na asilimia kwenye bei, na hili nalisema mapema kwa sababu litarudi huko chini.

Familia na bunduki yenyewe

Marehemu alizaliwa Unguja, akaja Oman na babake miaka ya 70 mwanzoni, ule wakati Sultani Qaboos alipoishika nchi Julai 1970 akawaita walio nje warudi kujenga. Kaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mkubwa yuko hapahapa Maskati, mdogo wake yuko Uingereza miaka mingi, mabinti wawili wako Maskati na mmoja kaolewa Unguja. Nyumba, gari, akiba ya benki, vyote vilikuwa na karatasi na havikuleta maneno. Kilicholeta maneno ni bunduki iliyokuwa imetundikwa sebuleni juu ya picha ya babu, yaani babake marehemu.

Ni Martini-Henry, hii ambayo Waomani wanaiita sam'a na bado utaiona mikononi mwa wazee kwenye razha, ile ngoma ya wanaume, na kwenye harusi. Ukiishusha leva iliyo chini nyuma ya traiga, kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu kinashuka, unatia risasi moja, unapandisha leva, ipo tayari. Risasi moja moja, hakuna magazini. Waingereza waliipitisha jeshini 1871 na ndiyo iliyobebwa na askari wao kwenye vita vingi vya miaka ya 70 na 80 ya karne hiyo. Risasi yake ni ile nene ya .577/450, baruti nyeusi, moshi mtupu.

Hii ya familia ilikuwa na mikanda ya fedha imezungushwa mtutuni na kwenye mti, kazi ya sonara wa Oman, na kitako kimepigiliwa vichwa vidogo vya fedha. Nzuri kuitazama kwa kweli.

Na hadithi ilikuwa hii: babake babu alikuwa mtumishi wa Sayyid Barghash pale Unguja, alifanya kazi fulani ya ushujaa (kazi gani, kila mtu anasimulia yake), na Sultani akampa bunduki hii kwa mkono wake. Barghash alitawala kuanzia Oktoba 1870 mpaka alipofariki Machi 1888. Kwahiyo kwa hesabu ya familia bunduki ina miaka 140 na ushei na ni ya Sultani, na ndugu wa Uingereza alishatafuta kwenye mtandao akaona silaha zenye jina la mfalme zinauzwa bei ya gari, basi akilini mwake ile bunduki ikawa ndiyo mali kubwa kuliko hata nyumba.

Mambo yalivyokwenda

Kaka mkubwa alifanya jambo moja la maana kabla hajaniita. Ruhusa ya kukaa na ile silaha ilikuwa kwa jina la marehemu, akaenda polisi kueleza kwamba mwenyewe amefariki na wao wanataka kufuata utaratibu. Wengi wanaona aibu au wanaogopa, wanaficha bunduki chini ya kitanda, halafu mwaka wa pili inakuwa kesi. Yeye alimaliza hilo mwanzo, kwahiyo kila aliyekuja kuitazama aliitazama kwa amani.

Jambo la pili halikwenda vizuri. Mjukuu, kijana mwenye nia njema kabisa, alisikia kuna mtu anakuja kutathmini akaona aibu bunduki ya babu kuwa na kutu, akaisugua kwa stilwaya ile ya kusugulia masufuria. Chuma kikang'aa kama kijiko. Alianzia kwenye bati la kitako akapanda mpaka juu, alhamdulillahi alichoka kabla hajafika ubavuni penye maandishi makubwa.

Halafu kaka mkubwa akaipeleka kwa dalali wa silaha sokoni. Yule akaigeuza, akapima fedha kwa jicho, akasema 100, na kama mna karatasi ya Sultani yenye muhuri basi niletee tuongee 400. Dada mmoja akapiga picha akamtumia mtu anayemjua, yule akajibu ndani ya dakika chache, hiyo feki ya Peshawar, msipoteze muda. Sasa familia ikawa na majibu mawili yaliyogongana, mmoja anasema hazina na mwingine anasema takataka, na ndugu wa Uingereza akaanza kushuku kwamba kaka yake ndiye anayeeneza maneno ya feki ili aichukue rahisi. Hapo ndipo nilipoitwa.

Nilichokitazama

Cha kwanza ni usalama, na sitaki mtu akipite hiki. Bunduki iliyotundikwa miaka arobaini haina maana haina kitu ndani. Martini ikishushwa leva inajikoki yenyewe, na ubavuni kulia kuna kijikono kidogo kinachoonyesha kama imekokiwa. Mtutu ukaelekezwa pasipo mtu, leva ikashushwa, tukatazama ndani kwa tochi. Risasi haikuwemo. Kulikuwa na kitambaa kimekunjwa kimeshindiliwa mdomoni mwa mtutu, labda kuzuia vumbi, na pale kilipokaa kimeshika unyevu kikala chuma, pana pete ya kutu imezunguka ndani kabisa. Mistari ya ndani ya mtutu, saba kama inavyotakiwa kwenye Martini-Henry, inaonekana safi mpaka ufike pale kwenye pete.

Cha pili ni maandishi ya ubavuni. Pana taji, chini yake V.R., chini ENFIELD, chini 1886, halafu III na 1. Maana yake kwa kifupi: Malkia Victoria, kiwanda cha serikali cha Enfield, mwaka uliotengenezwa, toleo la tatu, daraja la kwanza.

Ile hoja ya Peshawar haikuwa ya kijinga. Mafundi wa kule mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, Darra na vijiji vya jirani, walizinakili hizi bunduki kwa mkono kwa maelfu na walinakili mpaka mihuri. Lakini aliyekuwa anachonga muhuri mara nyingi hajui kusoma herufi za kizungu, kwahiyo utakuta N imegeuzwa, jina la Enfield limekosewa, mistari imepinda, au pana V.R. na mwaka ambao Victoria ashakufa, maana yeye alifariki Januari 1901 na ukiona V.R. 1908 hapo hakuna mjadala. Pia vyuma vyao havikai sawasawa, skrubu ina mdomo mpana, leva inacheza. Hii yetu herufi zake zimenyooka, kina cha kila herufi ni kimoja, na ukiangalia kwenye vyuma vidogo ambavyo mnakili hajishughulishi navyo unakuta vialama vidogo vya wakaguzi wa kiwandani, taji na herufi na namba, kila kipande kina chake. Leva inafunga kwa ule mlio mfupi mkavu. Nikaandika: ni halisi, ya Enfield, ya jeshi.

Nilipowaambia hivyo sebule nzima ilishangilia, maana 1886 Barghash yu hai! Mwaka umeingia ndani ya utawala wake! Mama mwenyewe alitokwa machozi. Nikawaomba wasubiri kwanza.

Kwa sababu palikuwa na alama ya tatu, ndogo, karibu na mwaka. Silaha za serikali ya Uingereza zina alama ya mshale mpana, kama mguu wa kuku. Ukikuta mshale mmoja, ni mali ya serikali. Ukikuta miwili imeelekezana ncha kwa ncha, maana yake serikali imeshaitoa jeshini na kuiuza. Hii ilikuwa na miwili, ncha kwa ncha.

Sasa fikirini pamoja nami. Mwaka 1886 Martini-Henry ndiyo bunduki ya mbele ya jeshi lote la Uingereza. Mrithi wake, Lee-Metford ya magazini, imepitishwa Disemba 1888, na hata baada ya hapo ilichukua miaka kuwafikia askari wote. Bunduki mpya ya 1886 haiwezi kutolewa na kuuzwa kama chakavu mwaka mmoja au miwili baadaye wakati jeshi lenyewe bado linaihitaji. Mauzo hayo ni ya miaka ya 1890 na kuendelea. Barghash alikuwa kaburini tangu Machi 1888.

Na kuna jengine. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba wa Brussels uliozuia bunduki za kisasa kuingia Afrika, eneo lote kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na Unguja imo humo. Maskati haikuwemo. Kwahiyo bunduki zilizouzwa na majeshi ya Ulaya zilimiminika Maskati, zikawa biashara kubwa ya mji, zikivuka kwenda Makrani na Baluchistan na mpaka milima ya Afghanistan, na nyingi zikabaki bara ya Oman kwa makabila. Mwezi Januari 1898 meli iliyoitwa Baluchistan ilikamatwa karibu na Maskati na manowari ya Kiingereza ikiwa na shehena ya silaha za kampuni ya Fracis Times, na kampuni ikashitaki, kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi London 1902. Biashara ile ilikuja kubanwa 1912 pale Sultani Faisal bin Turki alipoanzisha ghala ambalo kila silaha lazima ipitie. Ukiniuliza bunduki ya jeshi la Uingereza, iliyouzwa baada ya 1890, ina mikanda ya sonara wa Oman, ilipita njia gani, nitakwambia njia ya Maskati kabla hujamaliza kuuliza.

Swali la 1964

Nilikuwa na swali jengine ambalo halina uhusiano na chuma. Kama bunduki ilikuwa Unguja, ilitokaje? Familia iliondoka baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Watu waliondoka na nguo walizovaa, wengine hata hizo walipekuliwa. Mwarabu kutoka Unguja wakati ule na bunduki yenye mita moja na robo, imepambwa fedha, apande jahazi au meli salama? Niliwauliza watoto wote watano, kila mmoja akanijibu "nadhani babu alijua namna". Hakuna aliyewahi kusikia namna hiyo.

Wa kuulizwa alikuwepo. Shangazi yao, dada wa marehemu, mwanamke mzee sana anayeishi kwa bintie mtaa wa pili. Hakuna aliyemuuliza kitu kwa sababu silaha ni mambo ya wanaume, ndivyo walivyoniambia kwa uwazi kabisa. Tulikwenda na kaka mkubwa, tukaamkia, tukapewa kahawa na haluwa, tukakaa muda kabla ya kutaja shida yetu. Kaka akamwonyesha picha kwenye simu.

"Mwanangu, hii siyo ile," akasema. "Hii alipewa babu yenu na ami yake tulipofika. Ile ya Sayyid ilibaki."

Na akaeleza taratibu. Walipokuja Oman wakafikia kwa jamaa wa bara, tawi la ukoo lililobaki, ambalo halijawahi kwenda Afrika. Siku nyumba yao ilipokamilika huyo ami akamkabidhi babu bunduki ya ukoo mbele ya watu, mwanamume hawezi kusimama kwenye razha mikono mitupu. Yeye alikuwapo, alikuwa akipika siku hiyo. Na ile ya Unguja je? Yeye hakuiona, ila babake aliiona utotoni na alikuwa akiwasimulia: ilikuwa fupi kuliko hii, haina fedha hata kidogo, "na ilifunguka ubavuni kama kifuniko cha kijaluba."

Nilipolisikia hilo nilimwomba arudie.

Kwa sababu kuna bunduki inayofunguka hivyo hasa. Snider, iliyotangulia Martini, nyuma ya mtutu ina kipande chenye bawaba kinachofunguliwa kuelekea kulia. Na mwaka 1877 Barghash alipomwachia Luteni Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, aunde kikosi chake cha mtindo wa kisasa pale Unguja, serikali ya Uingereza ilitoa bunduki 500, na zilikuwa Snider. Bibi wa watu hajui Snider wala Mathews. Anakumbuka maneno ya babake tu, na maneno yale yanaingia kwenye historia ya Unguja ya wakati ule vizuri kuliko bunduki iliyotundikwa ukutani.

Hii haithibitishi kwamba Sultani alimpa mtu zawadi. Lakini inaonyesha hadithi ilikuwa na bunduki yake, na baada ya 1964 ikabaki hadithi bila bunduki, halafu ikaja bunduki nyingine ukutani isiyosimuliwa, na ndani ya kizazi kimoja vikaungana. Hakuna aliyedanganya hapo.

Maamuzi na sababu zake

Maneno ya shangazi yalifungua jambo jengine ambalo halikuwa kwenye akili ya mtu. Kama bunduki ilikuwa ya babu, na babu alipofariki aliacha mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, basi theluthi moja ilikuwa ya shangazi tangu siku ile, na haikuwahi kugawiwa. Ilibaki ukutani na kila mtu akaiona ya mwanamume. Kaka mkubwa, nampa heshima yake, alilisema yeye mwenyewe mbele ya ndugu zake kabla hata sijalifikisha, na wakaenda kwa sheikh anayeaminiwa akathibitisha hesabu.

Sasa bei. Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni soko la Oman. Dalali wa mwanzo alisema 100, tukaongeza wa pili, mji mwingine, asiyejua ofa ya kwanza, akasema atainunua kwa 116. Ya pili ni nyumba ya mnada Uingereza, ndugu wa kule alituma picha nzuri na ripoti, wakakadiria kati ya 80 na 100 kabla ya kutoa kamisheni yao, na usafiri juu yako. Hili lilimshangaza sana. Lakini soko la kule lina hizi bunduki nyingi, mwaka 2003 wafanyabiashara wa Kimarekani walinunua hazina nzima ya silaha za zamani kutoka kasri moja Kathmandu, Nepal, makumi ya maelfu, zikiwemo Martini kibao, na tangu hapo Martini ya kawaida siyo kitu adimu. Mnunuzi wa kule pia anataka bunduki ilivyotoka jeshini. Mikanda ya fedha anayoililia Mwomani yeye anaiona kama imeongezwa. Ya tatu ni ile 400 ya dalali yenye karatasi ya Sultani, na hiyo nilishauri ifutwe kabisa mezani, maana karatasi haipo na sasa tunajua haiwezi kuwepo kwa bunduki hii.

Ndugu wa Uingereza aliwahi kutaka kuichukua akae nayo London. Kisheria kwa upande wa kule isingekuwa ngumu sana, sheria yao ya silaha ya 1968 inaacha silaha ya kale ikae nyumbani kama pambo au kumbukumbu, na kanuni za 2021 zimeorodhesha risasi zilizopitwa na wakati, .577/450 imo. Marekani ingekuwa kipimo kingine, kule silaha ya kale ni iliyotengenezwa 1898 au kabla, na 1886 inapita. Ila kuitoa Oman kuna ruhusa zake na gharama, na muhimu zaidi, ingepoteza thamani njiani kwa sababu niliyoeleza. Wakakubaliana haitoki. Na kama haitoki, bei ya haki ni ya hapa ilipo, kwahiyo wakachukua katikati ya ofa mbili za kununua, yaani 108. Wapo waliotaka bei ya dukani, ile dalali anayomwuzia mteja, lakini hiyo ina faida yake na kodi ya duka lake ndani, na warithi hawana duka.

Matokeo

Theluthi ya shangazi ikatoka kwanza, 36. Ikabaki 72 ya kugawa kwa warithi wa marehemu. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Zinazobaki ni thumni saba, na watoto wa kiume wawili na wa kike watatu kwa hesabu ya mume mara mbili ni mafungu saba, kwahiyo kila fungu likawa thumni moja sawasawa, 9. Mama 9, mabinti 9 kila mmoja, wavulana 18 kila mmoja. Kaka mkubwa akaichukua bunduki, fungu lake 18 ni lake, akalipa 90 iliyobaki: 36 kwa shangazi, 9 kwa mama, 27 kwa dada zake, 18 kwa mdogo wake. Ruhusa ya silaha inahamishiwa kwa jina lake.

Watu walidhani shangazi atasamehe fungu lake, na kuna waliomdokezea hivyo. Hakusamehe. Alitaka fedha zake taslimu kisha akazituma Unguja zichangie kisima, sadaka ya babake. Mimi nilifurahi sana kwa hilo, maana wanawake wetu wameombwa kusamehe mafungu yao tangu enzi na enzi.

Kilichofanya kazi na kilichoharibika

Nikiangalia nyuma, kilichookoa kisa hiki zaidi ya chochote ni kuitenga bunduki na hadithi yake. Vyote viwili vilihitaji kupimwa, kila kimoja kwa vipimo vyake. Chuma kilipimwa kwa mihuri, vialama vya wakaguzi, namna vyuma vinavyokaa. Hadithi ilipimwa kwa tarehe, kwa njia za biashara, na kwa swali la kawaida kabisa la mtu kuondokaje na bunduki 1964. Tungeishia kwenye mwaka 1886 pekee, ripoti ingesema hadithi "inawezekana", na hilo neno lingeuzwa mahali fulani kama uthibitisho. Nimeona ripoti za namna hiyo na zinanikera, mtathmini anaona sebule imefurahi anashindwa kuharibu furaha.

Mihuri isomwe yote, usisome ule mkubwa ukaridhika. Mwaka ulisema ndiyo, mishale miwili ikasema hapana, na mishale ni midogo kuliko punje ya mtama.

Utaratibu wa kumuuliza mzee ulikuja kwa kuchelewa mno na hapa ndipo familia iliumia bure. Wiki nzima za maneno kati ya Maskati na London, ndugu kushukiana, wakati mtu aliyekuwepo siku bunduki inakabidhiwa yuko mtaa wa pili. Na sababu ya kutoulizwa ni kwamba ni mwanamke. Nawaomba wenye vitu vya namna hii ndani waanze na shangazi na mabibi, wakae nao, warekodi kwa simu, na waulize kwa upana: ilikuja siku gani, nani alikuwepo, nyumba ilikuwa ipi. Ukiuliza "si kweli hii ni ya Sultani?" mzee mstaarabu atakuitikia tu.

Stilwaya ilituumiza kuliko watu wanavyofikiri. Dalali wa pili alisema wazi angeongeza kama chuma kingekuwa na rangi yake ya uzee, lakini kwangu hasara kubwa zaidi ni kwenye bati la kitako, ambapo jeshi la Uingereza lilikuwa likipiga alama za kikosi na namba ya bunduki. Pale sasa panaonekana mikwaruzo na kipande cha herufi moja isiyosomeka. Kama alama ile ingekuwepo tungeweza kujua ilikuwa ya kikosi gani kabla ya kuuzwa, na historia ya kweli ya bunduki hii ingepata sura yake ya kwanza. Kijana aliumia sana alipoelewa, na babake hakumkaripia. Kwa mwenye bunduki ya kale nyumbani, kitambaa kikavu na mafuta mepesi kidogo yanatosha mpaka aje anayejua, na kitambaa mdomoni mwa mtutu kitolewe leo.

Kuhusu wathamini, kosa la mwanzo lilikuwa kumuuliza bei mtu anayetaka kununua, na kumuuliza uhalisi mtu aliyeona picha mbili za simu. Ofa ya dalali ni habari nzuri ikiwa ni dalali wawili wasiojuana na unaichukulia kama ofa. Na picha, kama lazima zitumwe, zipigwe mchana nje kivulini, ubavu wote wa kulia, kila muhuri peke yake karibu, ndani ya mtutu kwa tochi, na bati la kitako. Yule wa Peshawar alitumiwa picha ya bunduki nzima ukutani na mwanga wa taa, asingeweza kujua lolote kwa kweli, alibahatisha tu kwa kuwa nakala ni nyingi.

Lililobaki wazi ni ile Snider. Nimeandika maneno ya shangazi kama alivyoyasema, kwa sauti yake, na kaka mkubwa ameyaweka pamoja na ripoti, picha za mihuri yote, na karatasi ya mgawo iliyosainiwa na mashahidi. Binti wa Unguja amesema atawauliza wazee wa mtaa waliokaa jirani na nyumba yao ya zamani. Simpi matumaini ya kuipata, bunduki nyingi zilikusanywa au kutupwa mwaka ule, lakini maelezo anayo: fupi kuliko Martini, haina fedha, inafunguka ubavuni kulia.